Kiwanja cha Majani Mabichi

Nyumba mpya ya Masunga iliingia maji. Ilikuwa Machi, mwaka 1975. Maji hayakutoka juu kwenye bati. Yalitoka chini, sakafuni. Kuta zililowa mpaka usawa wa goti. Mtoto wao Shija, wa miaka miwili, alikuwa amekohoa wiki tatu.

Mkewe Kalista alikuwa anafunga mizigo.

"Mimi na mwanangu tunarudi kwetu Chimala," alisema. "Wewe baki hapa ufuge vyura."

Masunga alikuwa mfugaji wa Usangu. Alikuja Mbeya kufanya kazi ya reli, akajenga bondeni kando ya mto.

Siku hiyo alipita Isakwisa, bwana afya. Alizibonyeza kuta kwa kidole. Kidole kikazama.

"Baba Shija, kiwanja hiki ulikichagua lini?"

"Oktoba. Kila mahali palikuwa pakavu. Hapa tu palikuwa na majani mabichi. Nikasema, hapa pazuri."

"Pazuri kwa nani?"

Kalista akacheka.

"Kwa ng'ombe, bwana afya! Na ng'ombe wenyewe kawaacha Usangu!"

"Majani mabichi wakati wa kiangazi maana yake maji yako karibu," alisema Isakwisa. "Kwa malisho ni heri. Kwa nyumba ni ugonjwa. Choo je?"

"Kimejaa maji."

"Na kisima?"

"Hatua kumi kutoka chooni."

"Basi mnakunywa choo. Chemsheni maji kuanzia leo. Na mtoto apelekwe zahanati sasa hivi."

Kesho yake wakapanda mlimani.

"Chimba shimo mpaka kiunoni," alisema Isakwisa. "Ngoja siku moja. Likiingia maji, hama hapo."

Masunga alichimba mahali patatu. Shimo la tatu lilibaki kavu.

"Lakini huku mto uko mbali," alisema. "Mama Shija atachoka na ndoo."

"Ndoo naiweza," alisema Kalista. "Kifua cha mtoto ndicho sikiwezi."

Wakajenga pale. Upande wa juu wa nyumba wakachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Choo wakakiweka upande wa chini, mbali.

Walihamia Agosti. Shija alikuwa hakohoi tena.

Kosa la bondeni liligharimu matofali mabichi elfu mbili, yote yakarudi kuwa tope. Liligharimu mitamba wawili waliouzwa ili kujenga upya, miezi mitano ya kazi, na wiki saba za kikohozi cha mtoto. Kuchimba lile shimo kavu kulichukua asubuhi moja.