Chiriku na Kidole cha Mpimaji

Kila jioni Chiriku na Antena waliosha vyombo uani wakimsubiri baba arudi na baiskeli yake. Aliyeisikia kwanza ikikata kona ndiye aliyefungua geti, na aliyefungua geti alipakiwa kwenye baiskeli akasukumwa mpaka mlango wa jikoni. Siku hizi aliyepakiwa alikuwa Antena tu.

Antena alikuwa binti wa mama mdogo, aliyekuja kukaa nao shule zilipofunguliwa. Jina hilo alipewa na baba, aliyeuliza kama yale ni masikio au antena. Wote walicheka, isipokuwa Chiriku. Zamani baiskeli ile ilikuwa yake peke yake. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipomwona mwenzake akishuka na tabasamu lake, alisugua sufuria mpaka masizi yakaisha, na bado akaendelea kusugua.

Akajiambia kwamba masikio yake mwenyewe yana uchafu tu. Akajificha nyuma ya tangi la maji na njiti ya kiberiti, akachokonoa. Kesho yake akachokonoa tena. Badala ya kusikia zaidi, sikio la kulia likawa kama limezibwa kwa donge la unga. Hakumwambia mtu. Aseme, ili Antena asifiwe mara ya pili?

Ndipo mpimaji wa masikio akaja shuleni. Alikuwa mama mtaratibu, mwenye kisanduku cha vitufe na visikilizio vya kuvaa kichwani. Alieleza kwamba atapiga mlio, kisha ataupunguza kidogo kidogo mpaka mtoto asiusikie, halafu ataupandisha tena. Pale unapopotea na kurudi ndipo ulipo mpaka wa usikivu wake. Anayesikia anyanyue mkono.

Antena alitangulia, akasifiwa mbele ya foleni nzima. Ikaja zamu ya Chiriku, akaketi. Kiti kilimpa mpimaji mgongo, lakini kwenye kioo cha dirisha Chiriku alikiona kidole cha mpimaji juu ya kitufe. Kidole kikishuka, mkono juu. Kidole, mkono. Kidole, mkono. Leo, alijisemea, Antena atanitambua.

Mpimaji alimvua visikilizio polepole.

"Mwanangu, huo mlio wa mwisho umeusikia?"

"Ndiyo, mama. Vizuri kabisa."

"Mimi sikuupiga. Sauti nilishaifunga, nilikuwa nabonyeza kitufe kitupu."

Chiriku alitazama viatu vyake. Kisha akasimulia yote: baiskeli, njiti, mpaka kioo cha dirisha. Mpimaji hakumkaripia. Alifunga pazia, akaanza upya. Safari hii, zamu ya sikio la kulia ilipofika, mkono ulikaa chini muda mrefu.

Kwenye zahanati alikoelekezwa na mpimaji, muuguzi alimpa matone ya kulainisha nta ya sikio. Aliporudi huko baada ya siku chache, alisafishwa sikio kwa maji ya uvuguvugu. Likatoka donge jeusi, nta ambayo njiti ilikuwa imeisukuma ndani badala ya kuitoa. Muuguzi akamwonya kwamba njiti nyingine ingeweza kutoboa ngoma ya sikio.

Jioni hiyo walirudi kwenye vyombo vyao. Antena aliinua kichwa.

"Baba huyo. Umemsikia?"

Chiriku alitega sikio. Wivu ulimchoma tena, na neno 'ndiyo' lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Bado," alisema.

Mama, ambaye mpimaji alimsimulia yote, alikuwa mlangoni, kitambaa mkononi. Akaja akachuchumaa kando ya beseni.

"Hiyo 'bado' ndiyo mpimaji aliyoitaka, mama. Alikuuliza wewe unasikia nini, ukamjibu Antena anasikia nini. Sasa dawa angempa nani? Usione haya kusema usichokisikia. Anayeficha alipopungukiwa, hata daktari hajui aanzie wapi."

Chiriku alikuwa bado ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mbali, nyuma ya kona, mnyororo wa baiskeli ulikwaruza.

"Sasa," alisema, akajikausha mikono, akamfuata Antena getini.