Mpiga Bunduki wa Mkia

Chai ya Nora Scrimshaw iliganda. Ilikuwa Julai, joto la kuwafanya wanaume wa Lincolnshire, kule Uingereza, wavue mashati na kuwaaibisha wake zao, na yeye alikuwa amekiacha kikombe bandani, mkiani mwa ndege ya vita waliyokuwa wakiitengeneza, kwa muda wa kubadilisha spana tu. Aliporudi akakuta utando wa barafu juu ya maziwa. Akaugonga kwa ukucha. Ilikuwa barafu kweli.

"Dudley, umenichezea chai?"

Mzee Dudley, aliyekuwa akijitolea pale bandani tangu astaafu jeshini, hakusikia. Masikio yake yalishaliwa na injini zamani. Nora alipopaza sauti mara ya pili, akacheka. "Nichezee chai ya mwanamke mwenye spana mkononi? Nimechoka kuishi?"

Nora ndiye aliyekuwa fundi. Mumewe Clive ndiye rubani, na ile ndege kuukuu ya mabomu ndiyo mtoto waliyejaliwa. Walikuwa wameiunda upya kwa vipande, kama wafanyavyo watu wa kazi ile: ukipata kipande cha ndege iliyoanguka katika Vita vya Pili vya Dunia, hata kiwe kidogo namna gani, unakifunga ndani ya hiyo mpya, na wote mnakubaliana kwamba ni ileile, imefufuka. Kipande chao kilikuwa pete ya chuma iliyozunguka kibanda cha vioo cha mpiga bunduki wa mkia, aliyekaa peke yake akitazama nyuma. Clive aliifukua peke yake kwenye shamba la kinamasi, akarudi nyumbani ana tope hadi kwenye nyusi, hana la kusema. Jumamosi ndege ingeruka mbele ya umati kwa mara ya kwanza, Clive akiwa usukani.

Baada ya barafu ikaja harufu, tope bichi na sufu iliyolowa. Kisha buti. Zilikuwa zikigonga sakafu ya mkia polepole, kama za mtu anayejipasha miguu akingoja basi. Nora akienda kuangalia, kimya. Akigeuka tu, ko, ko, ko.

Wakaitoa ndege nje, kwenye nyasi, kujaribu injini. Clive alivaa koti lake la ngozi katika joto lile, maana yeye hakuridhika kurusha ndege tu. Alitaka kuishi vita ambavyo hakuvipigana. Kila mara aliita majina ya nafasi zote kama marubani wakuu wa vita, walioitwa manahodha, hata viti vilivyokuwa vitupu.

"Fundi?" aliita kwenye kipaza sauti.

"Tayari," alijibu Nora nyuma yake, akibinua midomo.

"Mkia?"

Vipokea sauti masikioni mwao vikakwaruza. Kisha sauti ya kijana, meno yakigongana: "Mkia tayari, Nahodha. Ila baridi."

Clive alizima injini. Uso ulimpauka ukawa kama unga.

"Umesikia?" Nora alinong'ona.

"Waya mbovu."

"Waya hausikii baridi, Clive."

Nora hakumwomba ruhusa. Alimwita Mchungaji Philippa wa kanisa la kijijini, mwanamke asiyetishika ovyo. Mchungaji alisali kutoka puani mwa ndege hadi mkiani, na alipofika mkiani miwani yake ikashika barafu. Akatoka anatetemeka.

"Mimi hanisikilizi," alisema kwa sauti ya chini. "Yupo mtu ambaye yeye anamngoja."

"Nani?"

"Wewe ndiye unayezijua ndege hizi. Vijana walioruka nazo vitani walikuwa wakimtii nani?"

"Nahodha," alisema Nora. "Hakuna aliyetoka ndani ya ndege mpaka nahodha aamuru." Mchungaji alipoondoka akamgeukia mumewe. "Naing'oa ile pete."

"Tuipitishe Jumamosi tu, Nora. Tafadhali."

"Ukiruka na kitu hicho mgongoni, nitakuzika. Mimi sitaki kukuzika, bwana wee!"

Asubuhi iliyofuata alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha mkia na spana yake, vipokea sauti masikioni, Clive akimbembeleza kutoka usukani. Aligusa nati ya kwanza. Milango midogo nyuma yake ikajifunga.

Akaisukuma kwa mgongo, akaipiga kwa kiwiko, akaita Clive, Clive, na kila alipoita pumzi yake iligeuka mvuke na mvuke ukaganda kwenye vioo, na nje ya vioo nyasi zilikuwa zinawaka jua huku vidole vyake vikinata kwenye chuma na ngozi ikibanduka, na kando ya paja lake, mahali pasipoweza kukaa mtu wa pili, kitu kilichovaa sufu mbichi kikajisogeza kidogo kumpisha.

"Nahodha," ilisema ile sauti, "kuna mwanamke kwenye nafasi yangu."

"Mwachilie mke wangu!" Clive alipiga kelele. "Nakuamuru utoke!"

"Wewe si nahodha wangu. Wewe ndiye uliyenifukia tena."

Nora alimsikia mumewe akianza kulia.

"Nora... nilipoichimba ile pete palikuwa na buti. Na mguu ndani yake. Sheria inasema uache, uwaite polisi. Wangenizuia kuchukua chochote. Nikamrudishia udongo, nikachukua chuma."

"Mtoto wa watu, Clive!" Midomo yake ilikuwa mizito. "Mama yake alikufa akimngoja!"

"Najua. Nisamehe, kijana. Nitakufukua, nitakuzika kwa jina lako, hata wakininyang'anya ndege. Leo mimi ndiye nahodha wako. Mkia, toka ndani ya ndege."

"Sawa, Nahodha."

Milango ikafunguka. Nora akatambaa, akaangukia nyasini, waya wa vipokea sauti ukiburuzika nyuma yake, haujachomekwa popote. Jua likampiga mgongoni na akalia kwa furaha. Angemzaba Clive kofi, kisha angemkumbatia mpaka amuumize.

"Clive! Shuka!"

Clive hakushuka. Kioo cha mbele kilikuwa kinashika barafu kwa ndani.

Ndipo ile sauti ikasema masikioni mwa Nora, meno sasa yametulia: "Safari zote hizo nimekaa natazama tulikotoka tu. Leo nataka kuona mbele. Sogea kidogo, Nahodha."

Propela ya kushoto ikakohoa, ikazunguka. Kisha ya kulia.

Mzee Dudley alikuwa amesimama mbele karibu na magurudumu, amevaa viziba masikio, anatabasamu. Kwenye dirisha la pembeni rubani aliinua mikono yote miwili akaitanua kando, ishara ya kuondoa magogo yanayozuia magurudumu. Dudley alikuwa ameitii ishara hiyo maisha yake yote. Nora alikimbia akimpungia, akiita jina lake mpaka koo likakauka.

Dudley alimwona. Akamwinulia kidole gumba, akainama, akayavuta magogo.