Kiti Kilichomwangusha Mama Mkwe

Kinyozi na mkewe mshonaji walikuwa na watoto pacha, wasichana wa mwaka mmoja na nusu. Kila mmoja alikuwa na meno manane, na meno hayo hayakupumzika. Yalitafuna kandambili, pindo la pazia, hata mkanda wa kupimia nguo.

Siku moja mama yake mshonaji alituma habari kwamba anakuja kukaa nao wiki mbili. Kinyozi akaingiwa na wasiwasi. Nyumbani mlikuwa na viti viwili tu. Kimoja kilikuwa cha cherehani, na cha pili kilikuwa kimelegea miguu. Mama mkwe huwezi kumketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Basi kinyozi akaenda dukani, akanunua kiti cha chuma cha kukunja, chenye rangi nyekundu inayong'aa. Alikikalia hapo hapo dukani, akaridhika.

Siku ya tatu ya ugeni, asubuhi, mama mkwe aliketi kwenye kiti chake akaletewa chai. Alitaka kusogea mezani. Akakishika kiti chini, akakivuta mbele. Kiti kikajikunja. Mama mkwe akajikuta sakafuni, kikombe kingali mkononi, chai yote ikiwa ukutani. Kidole chake kilibanwa na chuma mpaka kucha ikawa nyeusi.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mwili. Jambo hilo halikutajwa na yeyote. Lakini kinyozi, kwa nia njema kabisa, akaharibu mambo.

"Ajabu, Mama," alisema. "Mimi nilikikalia dukani, na hakikufanya kitu."

Mshonaji alimkazia mumewe macho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama mkwe aliinuka polepole, akajipangusa. Tangu hapo hakumsemesha tena mkwewe. Akiwa na neno naye, alilipitisha kwa binti yake, hata kama wote watatu walikuwa meza moja. "Mwambie mumeo anisogezee chumvi." Kinyozi naye, kwa adabu, akamjibu kupitia mkewe. Mchana kutwa ikawa hivyo. Jioni mshonaji akawaambia wote wawili kwamba yeye ni mtu, si simu.

Kesho yake kinyozi alikitoa kiti nje, akaja na koleo na kipande cha waya. Alikusudia kukifunga pale kilipoachia. Wakati huo jirani yao alikuwa anaingia kuchukua sketi yake iliyokuwa ikipunguzwa kiuno. Jirani huyu alikuwa mfagizi katika ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa.

"Shemeji, weka koleo chini," alisema.

Kisha akamweleza. Ukikifunga waya, wataalamu wataona waya wako, hawataona ubovu wa kiti. Ukikitupa, mwingine atakiokota, naye ataanguka. Bidhaa ikimuumiza mtu, usiiunge, usiioshe, usiitupe. Kusanya hata kile kipini cha kuzuia kiti kisijikunje, kilichochomoka. Tafuta risiti. Tazama lebo chini ya kiti, usiibandue. Halafu peleka habari ofisini.

Kinyozi aliona aibu kidogo. Aliuliza kama kweli serikali nzima itakutana kwa ajili ya kiti chake.

"Serikali nzima ya nini?" alisema mfagizi. "Wanatosha wa ghorofa ya pili."

Sauti ya mama mkwe ikasikika kutoka ndani. "Mwambie mumeo nakwenda naye. Nataka wenye elimu yao waseme mwenye kosa ni nani, mimi au kiti."

Walikwenda. Mama mkwe alitangulia hatua kumi, kinyozi akafuata na kiti begani. Njiani wateja wake watatu walimuuliza kama anahamisha duka.

Ofisini karani aliwapokea vizuri. Aliandika tarehe ya ajali, jinsi ilivyotokea, na maneno yote ya kwenye lebo. Halafu akauliza uzito wa aliyeanguka. Kinyozi akaanza kutazama dari. Mama mkwe aliutaja uzito wake kwa sauti kamili, akamtaka karani amsomee alichoandika, asije akaongeza.

Karani akauliza kama kuna mtu mwingine anayekitumia kiti. Kinyozi akajibu hapana.

"Wapo," alisema mama mkwe. "Wajukuu zangu wanakitafuna mgongo. Tazama, rangi imeshabanduka."

Karani aliinua kalamu, akakitazama kiti upya. Kisha akapiga muhuri wa pili kwenye fomu, ule wa hatari kwa watoto.

Walipokuwa wanangoja kwenye benchi la ukumbini, mfagizi alikuja na ndoo yake. Kinyozi alimuuliza mtaalamu wa viti ni yupi. Mfagizi alisema hakuna mtaalamu wa viti. Kuna idara nne.

"Mimi nazifagia zote, nawajua kwa taka zao," alisema. "Chumba cha kwanza taka ni karatasi. Hao ni watu wa takwimu. Wanakusanya habari za ajali kutoka hospitalini na kwa watu kama nyinyi. Wanataka kujua kiti hiki kimemwangusha mmoja au wengi. Chumba cha pili naokota vyuma. Hao wahandisi, wanavunja vitu ili waone vinavunjikia wapi. Chumba cha tatu ni glavu na chupa. Hao wakemia, wanatafuta sumu kwenye rangi na plastiki. Cha nne ni midoli na makombo ya biskuti. Hao wanachunguza watu wanavyotumia vitu, wazee kwa watoto. Idara nne, shemeji, lakini faili ni moja."

Kinyozi aliona ni kazi kubwa mno. Kwa nini msomi mmoja asimalize yote?

"Wewe unanyoa watu vizuri," mfagizi alimjibu. "Nani amekuletea jino uling'oe?"

Punde akatoka mtaalamu wa chumba cha nne, binti mwenye miwani. Aliomba mama mkwe amwonyeshe alivyoketi siku ile. Kilikuwapo kiti cha aina hiyo hiyo, kimefungwa kamba ili kisijikunje. Mama mkwe alikataa. Kisha akakubali mara moja tu. Mwishowe aliketi na kuinuka mara sita, na mara zote alikivuta kiti mbele kwa kukishika chini.

"Nilikosea?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Kila mtu huvuta kiti hivyo. Aliyekitengeneza ndiye aliyepaswa kulijua hilo."

Mama mkwe alimwomba ayarudie maneno hayo, kwa sauti kubwa kidogo, maana kuna mtu yuko mbali. Kinyozi alikuwa amekaa karibu naye kabisa.

Lakini mkemia alipokuja, kicheko kilikwisha. Alisema rangi kama hiyo huenda ina madini ya risasi. Risasi ni sumu kwa watoto, na dalili zake huchelewa kuonekana. Aliwashauri wawapeleke pacha kliniki wakapimwe damu siku hiyo hiyo, wasingoje majibu ya kiti.

Kliniki walipanga foleni, kinyozi amembeba mmoja, mama mkwe amembeba mwingine.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, akimtazama usoni, "tumewahi?"

"Sijui, Mama," alisema kinyozi. "Ninaomba tuwe tumewahi."

Walikuwa wamewahi. Risasi ilikuwapo kwenye damu, lakini kidogo. Muuguzi aliwaambia wawaoshe watoto mikono mara kwa mara, wafute vumbi kwa kitambaa kibichi, na wawarudishe kupimwa tena. Waliporudi, ilikuwa imeshuka.

Wiki ya tano barua ilifika kutoka ofisini. Mama mkwe alikuwa bado yupo. Mshonaji aliisoma kwa sauti. Kipini cha kiti kilikuwa kifupi kuliko inavyotakiwa. Rangi ilikuwa na risasi kupita kiwango cha sheria. Watu wengine kumi na wanne walikuwa wameangushwa na viti vya aina hiyo, mmoja wao mwanafunzi mwembamba kama ufito. Viti vyote viliondolewa madukani, na redio ikawatangazia walionavyo wavirudishe. Sentensi iliyosema kwamba uzito wa mtumiaji haukuwa chanzo cha ajali ilisomwa mara tatu. Mara ya tatu aliisoma kinyozi mwenyewe, bila kuambiwa.

Mwisho wa barua yule binti wa chumba cha nne alikuwa na ombi. Ofisi ilihitaji watu wa kujitolea, wa umri na miili tofauti, wa kujaribu bidhaa mpya. Sasa kila Alhamisi mama mkwe huvaa viatu vyake vizuri akaenda.

Alhamisi iliyopita alirudi saa kumi. Alisema vilikuwa viti vitano, na viwili amevikataa. Kimoja kina ukingo mkali chini, mtoto atajikata. Cha pili kinayumba. Amewaambia wahandisi, nao wameandika. Kinyozi akampa maji, akamuuliza kama hakuchoka.

"Nitachokaje?" alisema mama mkwe. "Kazi yenyewe ni kukaa."