Shati la Bosi

Asubuhi katika bweni la wasichana ni kelele tupu. Mmoja anatafuta soksi. Mwenzake ameikalia soksi hiyo hiyo na hataki kusimama. Mabeseni yanagongana, maji yanamwagika, na mlezi wa bweni anapiga kelele kuwashinda watoto wote.

Katikati ya kelele hizo, msichana wa miaka tisa alikuwa amekaa kitandani, ametulia tuli kama bosi anayesubiri dereva. Ndiyo maana walimwita Bosi. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Alitembea kwa kuchechemea, na mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani. Lakini mdomo wake haukuwa na udhaifu wowote.

"Fundi! Njoo univalishe. Leo umechelewa."

Fundi akaja mbio huku anacheka. Yeye alikuwa mshonaji wa nguo katika nchi jirani. Alisikia kwamba shule hii ya watoto wenye ulemavu, ng'ambo ya mpaka, inatafuta watu wa kujitolea kwa muhula mmoja. Akamwachia dada yake ufunguo wa duka, akaja. Alikuwa na moyo mzuri, na hilo hatumnyang'anyi. Ila kutaka kusaidia ni kitu kimoja, na kujua kusaidia ni kitu kingine.

Asubuhi Fundi aliwavalisha watoto. Mchana alishona sare zilizochanika. Shati la Bosi ndilo lililomsumbua zaidi. Vifungo vilikuwa vidogo, mkono uliojikunja haukupita vizuri, na kengele haikumngoja mtu. Bosi alianza kulia, na Fundi alikuwa hawezi kuvumilia mtoto akilia.

Basi akakaa kwenye cherehani. Akalikata shati mgongoni kutoka juu hadi chini. Akashona utepe wa kunata, ule unaotumika kwenye viatu vya watoto. Sasa Bosi alinyoosha mkono mmoja tu mbele, Fundi akamvika, akabandika kwa nyuma, chwap! Kazi imekwisha.

"Wewe Fundi una akili wewe!" alisema mlezi wa bweni. "Nishonee na hawa wengine."

Fundi akawashonea. Kichwa kikamvimba kidogo. Jioni alimpigia mama yake simu.

"Mama, bila mimi sijui hawa watoto wangefanyaje."

"Haya bwana," mama akacheka. "Usije ukaota mizizi huko."

Muhula ulipokaribia kwisha, bibi yake Bosi alikuja shuleni. Alikaa ofisini kwa mwalimu wa viungo. Huyu alikuwa mwalimu aliyewafundisha watoto kutumia miili yao: kutembea, kushika kijiko, kupanda ngazi. Fundi naye aliitwa, na Bosi akakaa karibu na bibi yake.

"Shikamoo, Bibi," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamgeukia mwalimu. "Nataka mjukuu wangu arudi nyumbani. Shule ya jirani na kwangu imekubali kumpokea. Ila mama yake anafanya kazi mbali, tutabaki mimi na yeye. Na vidole vyangu ndivyo hivi."

Akavionyesha. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kupinda.

"Haviwezi kumvalisha mtoto. Asipoweza kuvaa mwenyewe, kila siku atafika shule saa ngapi?"

"Usijali, Bibi," alisema mwalimu. "Mwanzoni mwa mwaka alishaanza kujifunza. Bosi, hebu mwonyeshe Bibi."

Bosi akapewa shati lake. Akaingiza mkono mmoja. Akalivuta shati huku na huku. Akapeleka mkono mgongoni, haukufika. Shati likaanguka sakafuni. Akaliokota, likaanguka tena.

"Mimi huwa navalishwa," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake.

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu. "Basi, kwa kuwa hapa ni pa wadogo tu, muhula ukiisha itabidi aende kwenye bweni la watoto wakubwa. Ni mbali, mwalimu. Kule mimi sitafika."

Bosi akaangua kilio. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bibi alipotoka nje na mjukuu wake, mwalimu aliliokota lile shati.

"Fundi, hili ulimshonea nani?"

"Bosi, Mwalimu."

"Linafungukia wapi?"

"Mgongoni."

"Na mgongoni inafika mikono ya nani?"

Fundi akaitazama mikono yake. "Yangu."

"Basi umejishonea mwenyewe, dada yangu. Saizi tu ndiyo ya Bosi."

Maneno hayo yalimchoma. Akapandisha sauti. "Kwa hiyo nimwache ahangaike? Kengele inalia na mtoto analia! Nifanyeje?"

"Alilia kwa sababu sisi tulimwachia kazi nzima kwa mkupuo. Wewe ukaja ukamwondolea kazi nzima. Kote tumekosea. Njoo nikuonyeshe."

Mwalimu akavua koti lake, akampa. "Kunja mkono wa kulia kifuani, usiukunjue. Sasa vaa."

Fundi akaingiza kwanza mkono wa kushoto, ule mzima. Koti likabana. Akazunguka nalo chumba kizima akiutafuta upande wa pili, mpaka wote wawili wakacheka.

"Sasa anza na ule uliokunjwa," alisema mwalimu.

Fundi akatumia mkono wa kushoto kuvuta koti juu ya mkono uliokunjwa mpaka begani. Kisha mkono mzima ukaingia bila shida.

"Umeona? Wakati wa kuvaa, mkono dhaifu unatangulia. Wakati wa kuvua, mkono mzima unatoka kwanza. Jambo la pili, anza kumfundisha kutoka mwisho."

"Kutoka mwisho? Kivipi?"

"Mfungie vifungo vyote, umwachie kimoja cha mwisho. Hicho akifunge yeye. Akizoea, mwachie viwili. Halafu vitatu. Halafu mikono. Unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka shati lote linakuwa lake."

"Mbona nisianze na cha kwanza?"

"Ukimwachia cha kwanza, anaanza, anachoka, unamalizia wewe. Kila siku anaona ameshindwa. Ukimwachia cha mwisho, kila siku yeye ndiye amemaliza."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole. Hilo lilimwingia.

"Na kazi yako itakuwa ngumu kuliko yake," aliongeza mwalimu.

"Kazi gani?"

"Kuikalia mikono yako."

Bibi aliombwa asubiri kidogo kabla ya kuamua, akakubali. Jioni Fundi alimfuata Bosi bwenini.

"Unataka kujifunza kuvaa mwenyewe?"

"Nataka kwenda kwa Bibi."

"Ndiyo njia yenyewe. Nikushonee shati gani?"

Bosi akafuta macho, ubosi ukarudi. "La kufungua mbele. Vifungo vikubwa. Vyekundu."

Sare ya shule ilikuwa na vifungo vyeupe. Fundi akaweka vyekundu, vipana na bapa, na mwalimu mkuu akajifanya hakuviona. Matundu ya vifungo akayapanua kidogo. Mkono wa kulia wa shati akauongezea upana.

Tangu siku hiyo walianza kuvaa kabla wengine hawajaamka. Mkono dhaifu wa Bosi nao ulipewa kazi: ulikandamiza upindo wa shati lisikimbie, huku mkono wa kushoto ukisukuma kifungo. Siku ya kwanza kifungo cha mwisho kilikataa, kikakataa, kisha kikapita.

"Nimemaliza!" Bosi alipiga kelele mpaka bweni zima likaamka.

Siku zote hazikuwa tamu. Walipofika kwenye vifungo vitatu, Bosi alilitupa shati chini.

"Nivalishe!"

"Sikuvalishi. Niko hapa nawe."

"Wewe mbaya!"

Fundi aliikalia mikono yake. Ilimwasha kweli kweli. Mlezi wa bweni akapita, akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe, umekuja kujitolea au umekuja kukaa?" Fundi aliumia. Watu walizoea kumsifu, naye alizipenda zile sifa. Sasa alionekana mvivu, na mtoto aliyempenda alikuwa amemnunia. Lakini akajikaza. Baada ya muda Bosi akashuka kitandani, akaliokota shati, akaanza upya.

Siku Bibi aliporudi, mvua ilikuwa imenyesha na ofisi ilikuwa na baridi. Bibi alikuwa amevaa sweta kuukuu la vifungo juu ya gauni. Bosi akasimama mbele yake na shati mkononi.

Mkono dhaifu ukaingia kwanza. Akavuta mpaka begani. Shati likapita mgongoni, mkono mzima ukaingia. Bibi akanyanyuka kidogo kutaka kusaidia.

"Mwache, Bibi," alinong'ona Fundi.

Kifungo kimoja. Cha pili. Cha tatu kikaingia tundu la chini yake, na kola ikakaa upande. Fundi aliona. Mwalimu aliona. Hakuna aliyesema neno. Bosi akajiangalia, akatoa sauti ya kukereka, akakifungua, akakirudisha mahali pake. Kisha akafunga cha mwisho.

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja. "Kavaa! Kavaa mwenyewe!"

"Basi, Bibi," alisema mwalimu, "muhula ukiisha uje uchukue mizigo. Anarudi nyumbani."

Fundi alifurahi sana. Zilibaki siku chache kabla hajavuka mpaka kurudi kwao, na tayari alijua kazi yake: kufumua yale mashati mengine yote aliyoyakata mgongoni, na kumfundisha mlezi wa bweni kuikalia mikono yake pia.

Bibi akachukua mkoba wake ili aende kuagana na watoto. Bosi akamzuia mlangoni.

"Simama kwanza, Bibi. Nje kuna baridi, na sweta lako liko wazi."

"Liache tu, mjukuu wangu. Mimi vifungo sivifungi siku hizi."

"Nani kakwambia ufunge wewe?"

Akaukandamiza upindo wa sweta kwa mkono dhaifu, akaanza kumfungia bibi yake vifungo, kimoja kimoja. Bibi alisimama wima bila kujitikisa. Fundi na mwalimu walisubiri, na hakuna aliyenyoosha mkono.