Hatua za Fundi Saa

Hili halikunikuta mimi, lilimkuta rafiki yangu fundi saa, mtu ambaye tangu ujana hakukosa mbio zozote za mtaani. Mwaka huu goti lilimgomea, akawa wa kutembelea mkongojo. Alfajiri ya mbio umeme ukakatika, akajikokota hadi stoo kutafuta mshumaa, huku wakimbiaji wakipita nje kwa vishindo.

"Haya, nendeni tu," akanung'unika, roho ikimuuma.

Kundi likapita lote, akabaki mmoja nyuma: pa, kwaruu, pa, kwaruu. Fundi akaganda. Mtaa mzima, ni yeye fundi mwenyewe tu aliyekuwa akiburuta mguu wa kushoto namna ile.

Mkewe akaita kutoka chumbani, "Baba watoto! Na goti hilo umekwenda kukimbia?"



Kabla hajamjibu kwamba yuko stoo, hatua zikakata kona, zikaingia uani, zikafika mlangoni pa stoo, zikakoma. Alitaka kukimbia, goti likakataa. Akapapasa ukutani gizani, mkono ukagusa viatu vyake vya mbio, palepale kwenye msumari alipovitundika mwaka jana. Akaingiza vidole ndani.

Vilikuwa vimelowa jasho, tena bado la moto.