Mahindi ya Ngama ya Tatu

Wimbi la kwanza lilipopanda sitaha, serahangi alikuwa anacheka mzaha wa shemeji yake. La pili lilipopita, mzaha ulikuwa umekwisha, na turubai la ngama ya tatu lilikuwa linaelea mbali nyuma ya meli.

Serahangi ndiye aliyekuwa mkuu wa mabaharia wa sitaha, na vifuniko vya ngama, vile vyumba vya mzigo vya chini, vilikuwa dhamana yake. Meli ile ndefu ilibeba mahindi yasiyotiwa maguniani, yaliyomwagwa moja kwa moja tumboni mwake. Yakipakiwa na unyevunyevu, mabaharia wa ziwa lile walikuwa na desturi yao: kusogeza kifuniko kimoja cha chuma na kutandaza turubai juu ya uwazi, ili mzigo upumue. Baharini wasingethubutu. Lakini hili lilikuwa ziwa, maji ya kunywa, na nani amuogope anayemnywesha kila siku? Mazoea yana taabu. Serahangi alikuwa ameyazoea maji yale tangu ndevu hazijamuota.

Sasa walikisukuma kile kifuniko watu wanne, mvua ikiwachapa usoni. Hakikwenda. Wimbi lilikuwa limepinda reli yake.

"Leteni turubai jingine!" serahangi alipiga kelele. "Na kamba zote!"

Walikuwa bado wanalifunga pale meli ilipoyumba, ikalala ubavu wa kushoto, na isiinuke. Ndani ya ngama ulisikika mngurumo mzito. Mahindi yalikuwa yamehama.

Nahodha alitoa kichwa kwenye dirisha la chumba cha usukani. "Naipeleka mchangani! Kule mbele kuna ufuko! Lakini ikiinama zaidi ya hapa, hatufiki! Rudisheni mzigo kulia!"

Kurudisha mzigo maana yake ni kushuka ngamani na mabeleshi. Serahangi alipogeuka kuchagua watu, shemeji yake, fundi wa mitambo, tayari alikuwa na beleshi mkononi. Injini alikuwa amemwachia msaidizi wake.

"Wewe hapana," serahangi alisema.

"Kwa nini? Kwa sababu nimemuoa dada yako?"

"Ndiyo!"

"Basi ungenikataa siku ya posa, shemeji. Leo umechelewa." Akashika ngazi, akashuka.

Serahangi akamfuata, na mabaharia wengine nyuma yake. Siku ya kuondoka, dada yake, tumbo limemtangulia mlangoni, alikuwa amemshika mkono. "Kaka, huyu ndiye baba wa mtoto wangu. Nakukabidhi wewe. Unirudishie mtu, usiniletee maneno." Yeye alijibu kwa kicheko kwamba ziwa lile ni bwawa la bata.

Chini mlikuwa na kiza na vumbi, na maji yalichuruzika pembeni mwa turubai. Juu, mahindi yaliyolowa yalikuwa yameshikana yakawa gamba gumu. Wakaanza kuchota na kurusha, kuchota na kurusha. Meli ikaanza kuinuka kidogokidogo. Shemeji akapiga hatua mbili mbele kutafuta pa kuchota, na gamba likavunjika. Chini yake mzigo ulikuwa umehama na kuacha uwazi. Alizama mpaka kiunoni kabla hajamaliza kusema "yallah", na alipojaribu kujinasua akazama mpaka kifuani.

"Usijitikise!" serahangi alimwambia. "Kila ukijitikisa yanakumeza!"

Alilala kifudifudi juu ya gamba, akamfunga kamba chini ya makwapa. Mabaharia waliokuwa juu wakavuta. Shemeji akatoa ukelele ambao serahangi hakupata kuusikia kwa mtu mzima.

"Acheni! Mnanikata vipande!"

Mahindi yalikuwa yamembana kila upande; kumvuta kulikuwa ni kumchana. Serahangi alimtazama uso ule uliojaa vumbi, akaona waziwazi mlango wa dada yake, na yeye akibisha hodi peke yake. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Ng'oeni milango ya vyumba!" alipaza sauti. "Na mpishi alete masufuria yote!"

Sauti ya nahodha ikashuka kupitia kwa mabaharia: ufuko u karibu, meli itagonga. Shemeji alisikia. Alijua kama wao wote walivyojua: kishindo kile kitayaporomosha mahindi yaliyorundikana kushoto, na yatamfunika.

"Shemeji," alisema taratibu, "mtoto akiwa wa kiume—"

"Nyamaza! Utamwambia mwenyewe."

Milango ikateremshwa kwa kamba. Wakaipigilia ndani ya mahindi mmoja mmoja kwa visigino na mabeleshi, minne, ikamzunguka shemeji kama kisanduku kisicho na mfuniko. Serahangi akaikumbatia kwa nje, akajikaza.

Meli ikagonga mchanga.

Mahindi yaliporomoka kwa kishindo. Yakampiga serahangi mgongoni, yakamfikia shingoni, yakapanda juu ya mlango mmoja na kumwagikia ndani. Kisha kimya. Hakuna kilichoyumba tena. Ndani ya milango vilibaki kuonekana pua na mdomo unaotema punje tu.

"Uko hai?" serahangi aliuliza.

"Mlango huu wa chumba chako," mdomo ukajibu, "unanuka soksi."

Mpishi akacheka hadi akaangusha sufuria. Wakamfukua serahangi, kisha wakachota mahindi kutoka ndani ya kile kisanduku, sufuria baada ya sufuria, mpaka miguu ikaachiwa na mtu akatoka mzima, bila kiatu kimoja.

Asubuhi, ziwa limetulia utadhani si lenyewe, boti ya bandari iliwachukua kutoka ufukoni. Gatini dada mtu alikuwa mbele ya wote. Serahangi alikuwa amejiandalia maneno njia nzima.

"Dada, kifuniko kile niliacha wazi mimi. Tulizoea tu, lakini..."

Hakumsikiliza. Alikuwa anampapasa mumewe kichwa, mabega, mbavu, kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Alipoikunjua kola ya shati lake, punje zikamwagika sakafuni. Akamvua kiatu kilichobaki, zikamwagika nyingine. Akazitazama, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Kaka, nilikukabidhi mtu mmoja tu. Mbona umenirudishia na mahindi?"

Serahangi alitaka kujibu mzaha kwa mzaha, kama kawaida yao. Badala yake alikaa chini palepale gatini, akalia kama mtoto, na dada yake akaja kukaa kando yake.

"Kifuniko hicho," alimwambia polepole, "safari nyingine utafunga."

"Nitafunga," akasema. "Hata jua likiwaka."