Biye Mbili za Kwenda kwenye Theluji

Mwezi wa kumi mwaka 1992 mvua ilichelewa Kolwezi, na ndani ya ofisi ya safari ya mjini hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni. Watu walibanana mbele ya meza ya Henri Kabongo, kila mmoja na pasipoti mkononi. Tangu uporaji wa mwaka uliotangulia wahandisi wa kizungu walikuwa wakiondoka, migodi ilikuwa ikizimwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeweza kupata kiti cha ndege alitaka cha kwenda tu.

Ndiyo maana Henri aliinua kichwa aliposikia sauti ya kike ikiomba tiketi: "Mi nataka biye ya kuenda Uswisi na kurudia. Mwezi wa ine, mbele ya Pasaka."

Alikuwa msichana mrefu, amevaa kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano, shingo yake inang'aa kwa jasho.

"Na kurudia?" Henri aliuliza. "Mama, bantu bote benye unaona hapa banataka kuenda tu."

"Bo banakimbia. Mi naenda kucheza."

"Kucheza nini?"

"Ski. Kutelemuka juu ya neje."

Foleni nzima ikacheka iliposikia habari ya theluji. Mzee mmoja mfanyabiashara, Tata Ngoy, aliyekuwa akijipepea kwa kofia, akasogea mbele amwone vizuri.

"Mwana, hapa tunakufa na joto. Sasa wee unaenda kulipia baridi?"

"Ndiyo, tata. Nalipia baridi."

Jina lake lilikuwa Blandine Kisimba. Kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, na kazi hiyo aliisomea miaka miwili katika mji mdogo wa Uswisi, chini ya milima. Kule alijifunza kuteleza kwenye kilima cha watoto. Wiki ile aliyojipa moyo kupanda mlima mkubwa, ilifika telegramu kwamba baba yake amefariki. Akarudi Kolwezi kuishi na kaka yake Polycarpe katika mtaa wa Dilala, na mlima ule ukabaki kichwani mwake kama kazi aliyoiacha nusu.

Henri alimwambia kuna karatasi inakosekana. Alipoileta, ikakosekana nyingine. Mara ya tatu Blandine aliweka kiwiko juu ya meza, akamtazama usoni.

"Henri, ile karatasi ya leo unaitaka kweli, ao unanitaka mi?"

Henri akaona haya mpaka masikioni. "Karatasi zilitimia tangu siku ya kwanza," alikiri.

Kuanzia hapo simu ya ofisi ililia kila siku saa nne asubuhi, na wenzake Henri wakajifunza kutoka nje wenyewe.

"Allo, sheri," ilisema sauti ya Blandine kwa mapenzi. "Uko unafanya nini?"

"Naandika soksi. Unasema kila mutu peya sita?"

"Sita. Na miwani ya jua."

"Miwani ya jua mu baridi? Unanicheka."

"Neje inachomaka macho, bwana mukubwa. Andika."

Maana Henri naye alikuwa anakwenda. Kila mfanyakazi wa ofisi ile alikuwa na haki ya biye moja kwa mwaka, na yeye hakuwahi kuitumia; alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Lubumbashi. Jioni, uani kwa kina Blandine, walikunjua ramani ya ile milima na kupanga: siku mbili kwenye kilima cha watoto, siku ya tatu juu. Watalala kwa mama mmoja mjane aliyempangisha Blandine chumba zamani. Watakula jibini iliyoyeyushwa, kitu ambacho Henri alikataa kuamini kuwa ni chakula.

Jumapili moja Blandine alimpeleka Kingamyambo, kwenye vilima vya mchanga uliobaki baada ya kuoshwa madini. Jua lilikuwa kali. Walibeba mbao mbili ndefu ambazo Henri alikuwa amezipigilia mikanda ya mpira wa tairi.

"Kunja magoti kidogo! Usisimame sawa nguzo!"

"Niko nakunja!"

"Unakunja mugongo, haiko magoti! Henri! Henri!"

Alishuka hatua kumi vizuri, kisha mbao zikaachana, kila moja njia yake, naye akabingirika mpaka chini. Alipoinuka alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Blandine alicheka mpaka akakaa chini, kisha akateremka, akampangusa uso kwa pindo la kikwembe, polepole, akianzia kwenye nyusi. Mkono wake ulipofika mdomoni haukuendelea.

"Sasa niko muzungu kamili," Henri alinong'ona.

"Nyamaza," alisema Blandine, na akambusu na vumbi lake lote.

Kwao Henri, katika nyumba ya kampuni ya migodi kule Kapata, mama yake alifuma sweta mbili za sufu nzito katikati ya joto. Majirani walipita wakiuliza nani anaumwa. "Batoto bangu banaenda kwenye baridi," Mama Ngalula alijibu, na neno hilo "batoto" Blandine alilibeba moyoni wiki nzima.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 maneno ya mjini yalibadilika. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, waliambiwa warudi kwao. Baba yake Henri alitoka Kasai akiwa kijana, akachimba shaba miaka thelathini, akazikwa Kolwezi. Henri mwenyewe hakuwahi kuikanyaga Kasai. Familia ya Blandine ilikuwa ya wenyeji, ya kaskazini ya Katanga, kwa hiyo hakuna aliyewagusa. Wawili hao walipunguza sauti, lakini hawakuacha kupanga. Viza zilifika. Tarehe ya safari ilikuwa mbili, mwezi wa nne.

Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi wa tatu Blandine alisikia jina la Henri ng'ambo ya ukuta. Polycarpe na wanaume watatu wa mtaa walikuwa wakisema kwamba yule Mkasai huja kila Alhamisi, na safari hii watamngojea njiani. Asubuhi alikimbilia simu ya hospitali.

"Henri, unisikilize. Usikuye tena kwetu. Hata siku moja."

"Blandine? Kuko nini?"

Mlango ukafunguka nyuma yake. Aliyeingia alikuwa muuguzi, rafiki ya Polycarpe, na alikuja kusimama karibu kabisa na meza. Sauti ya Blandine ikakauka.

"Njo vile. Sina ya kuongeza." Akaweka simu chini.

Alipojaribu tena mchana, simu ya ofisi ya safari haikujibu. Ofisi ilikuwa imefungwa.

"Hata yeye," Henri alimwambia mama yake jioni. "Anasema nisionekane kwao tena."

Mama Ngalula hakuuliza mara mbili. "Bantu ba kwabo njo banatufukuza," alisema. "Ulifikiri yeye atabakia na sisi?"

Siku ya pili vijana walipita Kapata nyumba kwa nyumba: mwisho wa kuondoka saa sita mchana. Henri alibeba godoro, sufuria na picha ya baba yake. Mama alifunga mlango kwa ufunguo, akasimama nao mkononi bila kujua ampe nani, mwishowe akauning'iniza kwenye kitasa. Wakatembea mpaka stesheni kungojea gari la moshi la kwenda Kasai, pamoja na maelfu ya wengine.

Jumamosi Blandine alifika Kapata. Mwanamke asiyemjua alikuwa akifagia ua wa kina Henri. Blandine aligeuka, akaenda stesheni moja kwa moja. Alipita katikati ya mahema ya maturubai na moshi wa kuni, akiuliza, "Kabongo? Wa biro ya safari?" Wengine walimwonyesha. Wengine walimuuliza jina lake, na waliposikia ukoo wa Katanga waligeuza uso.

Alimkuta Henri kesho yake kwenye foleni ya maji, ndevu zimeota, ndoo mkononi.

"Ulikuya kufanya nini?" Henri alisema. "Ulisema nisikuye tena."

"Nilisema usikuye wee! Sikusema mi sitakuya!"

"Blandine..."

"Bangekuua, Henri. Polycarpe na benzake. Mutu mwingine aliingia, singeweza kusema. Ulifikiri nini? Miezi yote ile, ulifikiri nini?"

Henri aliweka ndoo chini. Foleni ikasogea, ikampita, hakuona. Alishika mikono ya Blandine yote miwili na kuikandamiza kifuani pake.

"Nilifikiri bubaya," alisema. "Unisamehe."

Walikaa juu ya reli isiyotumika. Ndege yao ilikuwa iondoke baada ya siku tano.

"Wee enda," Henri alisema. "Viza yako iko. Mi siwezi kuacha mama hapa. Enda utelemuke ule mulima, utaniandikia."

"Na nani atanishika nikianguka?"

"Mi sijuake hata kusimama."

Blandine akacheka, na machozi yakamtoka palepale. "Biye nimeishapasula," alisema. "Na Polycarpe aliniambia, nikipita mulango kukuya huku, nisirudie. Nilipita. Sasa uniombe."

"Nikuombe nini?"

"Henri!"

Akaelewa. Alitazama huku na huku, watu, moshi, godoro lao limefungwa kwa kamba. "Hapa? Sina hata nyumba."

"Mi sikuuliza nyumba."

Akamwomba. Alimwomba kwa maneno machache akubali kuolewa awe bibi yake, naye akasema ndiyo kabla Henri hajamaliza.

Mama Ngalula alipoambiwa alihamisha kifurushi, akampa Blandine mgongo. Siku tisa walilala pale. Ndege ilikwisha kuondoka, viti viwili vitupu, na Blandine hakuitaja. Alikuwa na kazi: watoto wenye kuhara, wazee waliokaza viungo kwa kulala sakafuni. Magoti ya Mama Ngalula yalivimba pia. Asubuhi ya nne Blandine alipiga magoti mbele yake bila kuombwa, akaanza kumkanda. Mama alitazama pembeni, lakini mguu hakuuvuta.

Gari la moshi lilikuja siku ya tisa, mabehewa ya mizigo matupu. Watu walikimbia, mizigo ikapaa juu ya vichwa. Henri alimpandisha mama yake, akarusha godoro, akadandia. Umati ukamsukuma Blandine nyuma. Behewa lilitikisika, likaanza kusogea.

Mama Ngalula alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimemtoka kichwani. Alimwona Blandine akikimbia sambamba na reli, na akapiga kelele ambayo behewa zima liliisikia.

"Henri! Bibi yako yuko chini! Shika bibi yako mukono!"

Henri akanyoosha mkono mmoja. Wa pili uliomvuta Blandine ndani ulikuwa wa mama.